Alama ya Kuuliza ya Profesa Erlinder

Tarehe 18 Julai 1997 polisi wa Kenya, wakiwa pamoja na wapelelezi wa mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha, walifanya msako Nairobi na kuwanasa Wanyarwanda saba. Msako huo uliitwa NAKI, yaani Nairobi na Kigali. Kati ya waliokamatwa alikuwa Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji ya kimbari ya 1994. Alikuwepo Pauline Nyiramasuhuko, waziri wa masuala ya wanawake katika serikali hiyohiyo. Na alikuwepo Meja Aloys Ntabakuze, kamanda wa kikosi cha makomando wa miavuli, ambaye watu wengi hapa jijini hawakuwa wamewahi kumsikia.

Mshtakiwa lazima awe na wakili, hata kama ameshtakiwa kwa makosa mabaya kuliko yote. Wakili mkuu wa Ntabakuze akaja kuwa Peter Erlinder, profesa wa sheria kutoka Minnesota, Marekani. Miaka 13 baada ya msako wa Nairobi, wakili huyo mwenyewe alikuwa rumande Kigali, ameshtakiwa kwa kukana mauaji ya kimbari. Hii ni stori yake. Ni stori ya Arusha na Kigali, lakini sisi wa Ziwani tuna sababu ya kuifuata mpaka mwisho, maana mitaa yetu hii ya Eastlands nayo ina watu walioteswa na kuuawa, halafu wakubwa wakasema haikuwa hivyo.

Erlinder hakuwa mtu wa kubahatisha. Alifundisha katika chuo cha sheria cha William Mitchell mjini St. Paul, na miaka ya 1990 aliwahi kuwa rais wa National Lawyers Guild, chama cha mawakili wa mrengo wa kushoto nchini Marekani. Hao ni mawakili wanaojulikana kwa kutetea watu ambao serikali, magazeti na majirani wamekwisha kuwahukumu. Ukitaka kumwelewa, anzia hapo. Alikuwa amezoea kuyatilia shaka maelezo ya serikali, na kwa wakili hiyo ni tabia nzuri. Shida huja pale shaka inapozoeleka mpaka ikawa kama dini, mtu akaacha kuipima shaka yake mwenyewe.

Kesi ya Ntabakuze iliunganishwa na ya maafisa wengine watatu wa jeshi la Rwanda: Théoneste Bagosora, Gratien Kabiligi na Anatole Nsengiyumva. Ilianza kusikilizwa Aprili 2002 na kumalizika 2007. Mashahidi 242 walitoa ushahidi. Hukumu ikasomwa tarehe 18 Desemba 2008. Bagosora, Ntabakuze na Nsengiyumva walipatikana na hatia ya mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita, wakafungwa maisha. Kabiligi akaachiliwa huru. Lakini kulikuwa na shtaka moja ambalo wote wanne walilishinda: kwamba kabla ya tarehe 7 Aprili 1994 walikula njama ya kuwaangamiza Watutsi. Majaji walisema ushahidi wa njama hiyo, kwa hao wanne, haukufika kiwango ambacho sheria ya jinai inadai.

Siku chache baadaye Erlinder aliandika makala. Kichwa chake kilikwenda kwa hatua tatu: hakuna njama, hakuna mpango, hakuna mauaji ya kimbari. Mwisho wa hatua ya tatu aliweka alama ya kuuliza.

Hebu tuiangalie hiyo alama vizuri, kwa sababu maisha yote ya jamaa huyu yaliyofuata yanazunguka hapo.

Chukua mtu aliyeshtakiwa kwa mambo mawili: kuiba ng'ombe, na kupanga wizi huo mapema. Korti inasema wizi umethibitika, anafungwa, lakini kwamba alikaa chini na wenzake akaupanga, hilo halijathibitika. Wakili wake anatoka nje ya korti na kuuliza watu kama ng'ombe wenyewe waliwahi kuwepo. Hicho ndicho Erlinder alichofanya. Hukumu ileile aliyokuwa ameishika mkononi ndiyo iliyomfunga mteja wake kwa mauaji ya kimbari.

Tena mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 hauhitaji mtu aonyeshe mpango ulioandikwa na kupigwa muhuri. Unauliza nia: je, waliua kwa lengo la kuangamiza kundi la watu, lote au sehemu yake, kwa sababu ya kabila, taifa, rangi au dini yao? Rwanda, kwa siku kama mia moja, watu walisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani, wakaulizwa kitambulisho, na neno moja lililoandikwa humo likaamua nani apite na nani afe. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ni watu wapatao 800,000. Serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja.

Na hiyo njama yenyewe? Kambanda, aliyenaswa hapa Nairobi siku moja na Ntabakuze, alikiri makosa mwaka 1998, kula njama ikiwemo. Baadaye alijaribu kuufuta ukiri wake, lakini majaji wa rufaa walikataa mwaka 2000. Nyiramasuhuko alipatikana na hatia ya njama mwaka 2011. Na miaka miwili kabla ya makala ya Erlinder, Juni 2006, majaji wa rufaa wa mahakama hiyohiyo walikuwa wameamua kwamba kuwepo kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana na wote, na mwendesha mashtaka hahitaji kulithibitisha upya katika kila kesi. Wakili aliyefanya kazi katika jengo hilohilo hangeweza kudai hakusikia.

Kwa nini basi akasema? Erlinder alikuwa na hoja nyingine nyuma ya hiyo. Aliamini kwamba chama cha RPF, kilichoshinda vita na ambacho kinatawala Rwanda mpaka leo, ndicho kilichoidungua ndege ya Rais Juvénal Habyarimana tarehe 6 Aprili 1994, na kwamba Marekani ilisaidia kuficha makosa ya RPF. Mwisho wa Aprili 2010, Rais Paul Kagame alipokuwa ziarani Oklahoma, Erlinder na wenzake walimfungulia kesi huko kwa niaba ya wajane wa marais wawili waliokufa ndegeni, Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Kesi hiyo ilitupwa mwaka 2011 kwa sababu rais aliye madarakani ana kinga.

Sasa, ukishamshtaki rais wa nchi, mwezi unaofuata huendi nchini kwake kama mtalii. Erlinder alikwenda. Alifika Kigali tarehe 23 Mei 2010 kumtetea mteja mwingine.

Mteja huyo alikuwa Victoire Ingabire, mwanasiasa aliyekuwa ameishi Uholanzi kwa miaka mingi. Alirudi Rwanda Januari 2010 akitaka kugombea urais. Siku hiyohiyo ya kufika alikwenda kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi na kusema kwamba Wahutu waliouawa nao wanastahili kukumbukwa. Aprili akakamatwa. Wakili wake naye alikamatwa tarehe 28 Mei, siku tano tu baada ya kushuka kwenye ndege.

Sheria ya Rwanda ya 2003 ilimpa mtu aliyekana mauaji ya kimbari hadharani kifungo cha miaka 10 hadi 20. Ya 2008 iliongeza kosa la itikadi ya mauaji ya kimbari. Ushahidi dhidi ya Erlinder ulikuwa maandishi yake na maneno yake, mengine yakiwa yametoka kwenye kazi yake ya Arusha. Alinyimwa dhamana mara ya kwanza, akaugua, akapelekwa hospitalini. Tarehe 17 Juni mahakama kuu ilimwachilia kwa dhamana kwa sababu za kiafya, akaondoka nchini. Oktoba mwaka huo majaji wa rufaa wa Arusha waliamua kwamba maneno aliyoyasema au kuyaandika akifanya kazi ya uwakili mbele yao yana kinga.

Hakurudi Kigali. Hata Arusha hakurudi: mwaka 2011 aliposhindwa kufika kwenye rufaa ya Ntabakuze, majaji walimtoa kwenye kesi. Meja akaendelea na mawakili wengine, na 2012 kifungo chake kikapunguzwa kutoka maisha hadi miaka 35. Kupunguzwa, si kufutwa.

Mtu anaweza kusema hapa: kwani maneno yanaua? Si profesa aliandika tu makala?

Rwanda ina jibu, na jibu hilo lina jina la mwanahistoria. Ferdinand Nahimana alikuwa mhadhiri wa historia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda na mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Julai 1993. Ilicheza muziki mzuri uliopendwa na vijana, watangazaji wake wakaongea lugha ya mtaani. Katikati ya muziki iliwaita Watutsi mende, na mauaji yalipoanza ikasoma majina ya watu na mahali pa kuwapata. Desemba 2003 Nahimana alihukumiwa Arusha pamoja na wenzake wawili, mmoja wao Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti, aliyenaswa hapa Kenya katika msako uleule wa 1997. Kwenye rufaa kifungo cha Nahimana kilishushwa hadi miaka 30.

Kwa hiyo Mnyarwanda aliyenusurika akisikia profesa akiuliza kama kulikuwa na mauaji ya kimbari, hasikii mjadala wa chuo. Anasikia sauti anayoijua. Anayeua huanza kwa kusema hawa si watu, na baadaye husema hakuna aliyewaua. Kukana ni kuendelea kuua kwa njia nyingine, kwa sababu aliyenusurika anabaki na makaburi ambayo jirani anadai hayamo ndani.

Hilo likae wazi. Lakini kuna mtu mwingine wa kuwekwa kando ya Erlinder, na bila yeye stori haikamiliki.

Alison Des Forges alikuwa mwanahistoria wa Marekani aliyefanya kazi na Human Rights Watch. Mwanzoni mwa 1994 alikuwa akionya kuhusu Rwanda kabla ya wengi kujua nchi hiyo iko wapi kwenye ramani. Mwaka 1999 alitoa kitabu kinene kuhusu mauaji yale, kazi ya miaka mingi ya kukusanya ushahidi wilaya kwa wilaya. Alikwenda Arusha kama shahidi mtaalamu wa upande wa mashtaka katika kesi kadhaa, ikiwemo hii ya Bagosora na Ntabakuze. Yaani yeye na Erlinder walikuwa upande mmoja na mwingine wa chumba kilekile.

Katika kitabu hichohicho, Des Forges aliandika pia kuhusu raia waliouawa na askari wa RPF. Kadirio lake lilikuwa kwamba waliokufa hivyo hawakupungua kati ya 25,000 na 30,000. Hakusema hii inafuta ile. Hakusema pande zote ni sawa. Alisema hawa waliuawa, na hawa pia waliuawa, na kila kundi likapata kurasa zake, tarehe zake na wauaji wake. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda ilimzuia kuingia nchini. Februari 2009 alikufa katika ajali ya ndege karibu na Buffalo, Marekani.

Waweke wawili hawa bega kwa bega. Wote walitaja wafu ambao Kigali haikupenda watajwe. Wote walipata shida na serikali ileile. Mtu akitazama kwa haraka ataona watu wa aina moja, wakosoaji wawili wa Kagame. Lakini hesabu zao zilikwenda njia tofauti kabisa. Des Forges alikuwa akijumlisha. Erlinder alikuwa akitoa. Mmoja aliongeza majina kwenye orodha ya wafu. Mwingine alichukua wafu wa upande mmoja kama mpira wa kufutia, akafuta wa upande wa pili.

Hicho ndicho kipimo ninachokiamini, na ni chepesi kukitumia. Mtu anapoleta wafu ambao hawajahesabiwa, angalia anawafanyia nini. Kama anawaombea nafasi yao, msikilize. Kama amewaleta ili wengine waondolewe, huyo anakana, hata akiwa profesa, hata akiweka alama ya kuuliza mwishoni ili aonekane anauliza tu.

Shida ya sheria za Rwanda za wakati ule ni kwamba hazikujua kuhesabu namna hii. Zilimshika anayetoa na anayejumlisha kwa mkono mmoja. Ingabire alihukumiwa miaka 8 mwaka 2012, na mahakama ya juu ikaipandisha kuwa 15 mwaka 2013. Alikuwa na mashtaka mengine pia, lakini kukana au kupuuza mauaji ya kimbari lilikuwa mojawapo. Novemba 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko Arusha, ilisema Rwanda ilivunja haki yake ya kujieleza, kwa kuwa maneno yake ya pale Gisozi hayakukana mauaji dhidi ya Watutsi. Alitoka gerezani Septemba 2018 kwa msamaha wa rais. Rwanda yenyewe iliiandika upya sheria ya itikadi mwaka 2013, na tena 2018.

Aliyefaidika na mkanganyiko huo ni Erlinder. Kesi yake haikuwahi kusikilizwa hadi mwisho. Hakuna siku aliyosimama kizimbani akaulizwa kuhusu Kambanda, kuhusu Nyiramasuhuko, kuhusu uamuzi wa 2006. Badala yake akawa mgonjwa aliyefungwa na serikali kali, mawakili wa nchi nyingi wakaandamana kwa barua kumtetea, na wengi wao walikuwa na haki kufanya hivyo, kwa sababu wakili hafai kukamatwa kwa kazi yake. Alama yake ya kuuliza ikatoka Kigali mzima mzima, bila jibu.

Sasa turudi nyumbani.

Ukitembea kutoka Kariokor kuja Ziwani, majina yenyewe yanakuhesabia wafu. Kariokor ni Carrier Corps, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kufa kwa maelfu njiani. Barabara inayopita Starehe ni General Waruinge, jina la jemadari wa Mau Mau. Tarehe 24 Aprili 1954, siku ambayo Waingereza waliiita Operesheni Anvil, askari na polisi wapatao 25,000 waliizingira Nairobi na kuipekua mitaa ya Waafrika nyumba kwa nyumba. Wagikuyu, Waembu na Wameru walitolewa nje na kupangwa mistari mbele ya gakunia, yule mtu aliyevishwa gunia lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa, wewe umekwisha. Kwa wiki chache watu takriban 20,000 walipelekwa Langata, Manyani na Mackinnon Road.

Yaliyotokea ndani ya kambi yalikanwa kwa miaka mingi, na waliokana hawakuwa maprofesa. Ilikuwa serikali. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulipoonyesha miili imejaa alama za kipigo, stori ya maji ikaanguka, lakini hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo. Wala hakuna aliyeshtakiwa kwa uongo. Kukaribia uhuru mafaili mengine yalichomwa, mengine yakasafirishwa Uingereza kimyakimya.

Mwaka 2009 Wakenya watano wazee waliishtaki serikali ya Uingereza huko London. Mmoja alikuwa Wambugu wa Nyingi, aliyekuwa Hola siku ile na akapigwa mpaka akapoteza fahamu. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett waliingia kama mashahidi wataalamu, na wakati kesi ikiendelea serikali ililazimika kukubali kwamba ilikuwa na hazina ya mafaili ya makoloni huko Hanslope Park. Ya Kenya peke yake yalikuwa kama 1,500. Humo maafisa walikuwa wameandika wenyewe walichokijua na walichokiruhusu. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni akakubali kwamba Wakenya waliteswa, akasema serikali yake inasikitika, na pauni milioni 19.9 zikalipwa kwa watu 5,228. Hakukubali kuwajibika kisheria. Hata hivyo ile ya maji ya kunywa hakuna anayethubutu kuirudia tena.

Angalia kilichoua uongo huo. Hakuna mtu aliyefungwa kwa kukana. Uongo ulikufa kwa makaratasi na kwa wazee walioishi muda wa kutosha kuonyesha makovu yao.

Na angalia pia kwamba kubishana kuhusu idadi hakukuwa kukana. Elkins aliandika kwamba huenda Wagikuyu kati ya 130,000 na 300,000 hawajulikani walikoishia. John Blacker, mtaalamu wa hesabu za watu, alizipima takwimu za sensa na mwaka 2007 akasema vifo vya ziada vilikuwa kama 50,000, karibu nusu wakiwa watoto wa chini ya miaka 10. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini Blacker hakuwa akimfuta mtu. Alikuwa akiuliza ni wangapi, na jibu lake likatuletea watoto ambao wengi hatukuwa tumewafikiria.

Kujumlisha kunatudai hata sisi. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 huko Lari, wapiganaji wa Mau Mau waliua zaidi ya watu 70, wengi wanawake na watoto wa familia zilizohesabiwa kuwa za wasaliti. Kisha askari na homugadi wakalipiza kisasi na kuua wengi pia. Wakoloni waliitangaza dunia nzima nusu ya kwanza. Sisi hupenda kusimulia nusu ya pili, au kunyamaza kabisa. Halafu kuna Wagalla, Wajir, Februari 1984. Aliyeua hapo hakuwa Mwingereza. Serikali yetu ilisema waliokufa ni 57, huku manusura wakizungumzia mamia hadi maelfu. Kenya haina sheria ya kumfunga mtu anayekana mauaji ya aina hiyo. Ingekuwepo wakati ule, mshtakiwa wa kwanza angekuwa serikali yenyewe, na ndiyo ingekuwa mwendesha mashtaka. Fikiria hiyo kesi.

Hapo ndipo Ziwani na Kigali zinapokutana. Sheria ya kukana huwa mikononi mwa anayetawala, na anayetawala ana wafu wake ambao angependa wasitajwe.

Je, basi korti haina kazi hapa? Inayo, ikikubali kazi ngumu. Oktoba 2024 mwandishi Charles Onana, mzaliwa wa Kamerun, alifikishwa mahakamani Paris kwa kitabu chake cha 2019 kuhusu Rwanda. Kesi ilisikilizwa kwa siku kadhaa, wazi, upande wa mashtaka na wa utetezi ukiwa na mashahidi wake, kurasa za kitabu zikisomwa moja baada ya nyingine. Tarehe 9 Desemba alipatikana na hatia na kutozwa faini ya euro 8,400. Akakata rufaa. Wengi Kongo wanamwona shujaa, kwa kuwa ameandika pia kuhusu mamilioni waliokufa mashariki mwa nchi yao. Wafu hao ni wa kweli, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili Kongo kati ya 1993 na 2003. Wanastahili mtetezi asiyehitaji kuwafukua wafu wa Rwanda ili kuwapatia wao nafasi. Lakini angalau Paris swali liliulizwa na likajibiwa mbele ya watu.

Erlinder hakupata hilo, na Rwanda haikulipata. Alama yake ya kuuliza bado inatembea. Utaikutana kwenye video zinazozungushwa kwenye simu, kwenye mabishano ya jioni mtaani, kinywani mwa kijana mwerevu aliyezaliwa baada ya 1994 ambaye anafikiri amegundua siri. Usimpigie kelele. Mwulize mambo mawili tu: hao wafu unaowaleta, wanaitwa nani na waliuawa na nani? Na baada ya kuwahesabu, wale wengine bado wako kwenye orodha yako?